Uso wa Bibi Jikoni

Ukichora kwa rangi za mafuta kule kijijini kwetu Chome, rafiki yangu, ujue umejitafutia kazi. Ukungu ukishuka kutoka mlima Shengena hakuna kinachokauka, si nguo wala rangi. Mwezi uliopita nilipanda na turubai langu la kuchorea, nikafungua nyumba ya bibi iliyofungwa tangu tulipomzika, nikakaa jikoni kwake nimchore. Picha yake iliyobaki ni ile ya kitambulisho, na humo anamtazama mpiga picha kana kwamba amemkanyagia miche. Sikuitaka hiyo. Nilitaka uso ninaoujua mimi, nao ulikuwa umeanza kunitoroka.

Bibi ndiye aliyenilea, tukiishi sisi wawili tu. Pembe ya msaragambo ikilia alfajiri, kijiji kizima kilitoka kufanya kazi ya pamoja, kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Wajane waliruhusiwa kubaki nyumbani. Bibi, mjane tangu ujana, hakutaka kuhurumiwa. Alishuka topeni na jembe lake, uso ameukaza, na aliyemwambia "pumzika, mama" alijuta. Hata mwalimu wetu alimwogopa, na mimi nilijivunia hilo kuliko alama zangu.

Jioni, mlango ukishafungwa, alikuwa mtu mwingine. Makande yalichemka polepole, kuni mbichi zikifuka moshi, chai ya tangawizi ikinukia pembeni. Alikuwa akichota harage moja, analibinya, analipuliza, ananitilia kiganjani. Halafu anasubiri, nyusi zimepanda, mdomo umeanza kucheka kabla sijasema kitu. "Bado, eeh?" aliniuliza hata pale yalipokuwa yameiva kabisa, ili tupate kuonja tena.

Uso huo ndio niliokuwa nautafuta. Nilianza kwa brashi, akatoka mwanamke wa kwenye kalenda. Nikamkwangua, nikaanza upya kwa kisu, kisha kwa vidole, rangi nene, kahawia ya moshi na njano ya moto shavuni. Nyusi zilipopanda, nililia. Nilikuwa nimemwona.

Nikaenda kumwita jirani, bikizee aliyelima bega kwa bega na bibi na ambaye peke yake amebaki katika rika lao. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba nimepatia.

"Shikamoo, bibi. Njoo umwone shoga yako."

"Marahaba, mjukuu wangu." Aliisogelea picha, akarudi nyuma, akaitazama kwa muda. "Mzuri. Ni nani huyu?"

Nikamwambia.

"Hapana, mwanangu. Yule nilimjua mimi. Hakuwa na uso huu hata siku moja."

Akanipa pole kwa kazi, akaenda zake.

Nilibaki na picha ile mbichi. Jikoni hapakuwa na moto wala harufu ya chochote isipokuwa ya tapentaini yangu ya kulainishia rangi. Baadaye nikaelewa kwamba jirani hakukosea. Bibi alikuwa na uso ambao hakuwahi kuutoa nje ya mlango ule, na aliyeuona ni mimi peke yangu. Kama nimezikosea zile nyusi, hakuna tena duniani wa kunirekebisha.