Siku Baba Alipotafsiri Filamu ya Wazungu

Jirani yangu hapa Kibaha ana jenereta kuukuu, na umeme ukikatika mchana huliwasha. Moshi wa petroli ukivuka ukuta, watu wengine hufunga madirisha. Mimi hufungua. Wanangu wanasema mama yao ana kasoro, wala sibishani nao. Harufu ile hunipeleka moja kwa moja Mzenga, kwenye banda la video la Mjomba Shomari, nikiwa msichana mdogo nimekaa mkekani, karanga zimenijaa mdomoni, nasubiri picha ianze.

Mjomba Shomari, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kwetu kumiliki deki ya video. Banda lake lilikuwa la udongo na makuti, madirisha ameyaziba kwa magunia ili ndani kuwe giza. Yeye mwenyewe alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akitafsiri. Kichina hakijui, Kihindi hakijui, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, lakini hakuna filamu iliyomshinda. Steringi wa Kichina, yule shujaa wa picha, Mjomba alimwita Kondo, akatuapia kabisa kwamba ujomba wake uko Maneromango. Tulimwamini. Nani angembishia, na fimbo anayo yeye?

Mwaka mmoja alirudi kutoka Dar na gunia la kanda aliloachiwa na mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao. Tulishangilia kama tumeletewa ng'ombe. Kumbe zote zilikuwa filamu za kale, nyeusi na nyeupe, za nchi zilizokuwa vitani au zilizotoka vitani punde. Ngumi hamna. Ni watu wenye makoti mazito wanapita kati ya nyumba zilizobomoka, wanamenya viazi, wanasimama dirishani muda mrefu mpaka vijana wanapiga miluzi. Lugha yenyewe hata Mjomba alikiri hajawahi kuisikia. Vijana wakasusa. Banda likabaki la wanawake, wazee na sisi watoto, maana filamu zile angalau hazikuwa na mambo ya aibu. Mimi nilizipenda mno. Sikujua kwa nini, ila mtu akitazamwa usoni muda mrefu namna ile, nilihisi kama ni ndugu yangu.

Sasa niwaambie habari za Baba. Baba alipigana vita vya Kagera. Nililijua hilo kama nilivyojua kwamba ana kovu begani; lilikuwepo na halizungumzwi. Alikwenda na Salumu, rafiki yake tangu wakiwa wachunga mbuzi. Baba alirudi, Salumu hakurudi. Mama yake Salumu, Bi Hadija, aliambiwa kwamba mwanawe amefia vitani, basi. Amekufaje, nani kamzika, hakuna aliyemweleza. Kwa hiyo alikataa katakata kumsomea hitima. Masheikh walimbembeleza, ndugu walimlaumu, yeye alisema hatampikia mwanawe pilau la hitima mpaka aje mtu aliyemwona akizikwa.

Na mtu huyo alikuwa Baba. Kila Idi walikutana nje ya msikiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una neno la kuniambia?"

"Lipo, mama. Nitakuja."

Haendi. Ilifika mahali akimwona Bi Hadija anakuja njiani, yeye anakata kushoto, anapita mikoroshoni. Mimi nilidhani wamegombana.

Alasiri moja jenereta la Mjomba lilikohoa, likazima katikati ya filamu. Baba alijifunza injini jeshini, kwa hiyo aliitwa. Akalifungua, akalifuta, likanguruma, picha ikarudi. Tatizo jingine likabaki: Mjomba alikuwa ametoka harusini usiku uliopita, sauti imemkauka, anatoa mlio wa kuku mwenye mafua. Akamshika Baba mkono.

"Shemeji, nisaidie. Malizia wewe."

"Mimi najua nini?"

"Kwani mimi najua?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baba akaipokea fimbo kama mtu aliyepewa nyoka. Mimi nilikaa wima kwa fahari, nikageuka huku na huku ili kila mmoja ajue yule ni baba yangu. Hapo ndipo nilipomwona Bi Hadija kwenye kizingiti cha mlango, beseni lake la mihogo ya kukaanga mapajani.

Kwenye picha, mwanajeshi mmoja alishuka kwenye treni. Kijiji chote kimebomoka. Akatembea na begi lake mpaka akakutana na mwanamke mzee amesimama barabarani na kapu. Mwanamke akamwuliza kitu. Watu wakaanza kunong'ona, Mjomba akamgusa Baba kwa kiwiko.

"Huyu mama," Baba alisema hatimaye, "anauliza habari za mwanawe."

Kisha sauti ikamtoka, nyembamba, sijawahi kuisikia kabla ya hapo.

"Kijana anamwambia, mama, nilikuwa naye. Ilikuwa asubuhi, tunavuka bonde. Lilimpiga kombora mguuni, damu ikakataa kusimama. Nilimbeba. Hakulia. Alisema amechoka kula ndizi za kule, anataka bada la mama yake."

Banda zima likacheka, sisi watoto kuliko wote. Mzungu anataka bada, ugali wetu wa muhogo! Lakini kicheko cha wakubwa kilikatika ghafla, cha kwetu kikabaki kinaning'inia peke yake, tukakimeza.

"Alikunywa maji," Baba aliendelea. "Nilimpa kwa mkono wangu. Akatamka shahada, nikaisikia. Tulimchimbia vizuri, mama, hatukumfukia ovyo. Tulimlaza ubavu wa kulia, tukamwelekeza kibla. Hakuwa peke yake."

Kwenye picha yule mwanajeshi alikuwa ameshapita zamani. Sasa kulikuwa na watoto wanacheza kwenye kifusi. Hakuna aliyelalamika. Kutoka mlangoni Bi Hadija akauliza, kwa utulivu tu, kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Kwa nini huyo kijana hakuja kumwambia mama siku zote hizo?"

Baba hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Aliona haya, mama. Yeye amerudi mzima."

Bi Hadija aliweka beseni chini, akapita katikati yetu, akamshika Baba kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umetafsiri vizuri."

Ijumaa iliyofuata alipika pilau, akaita kijiji kizima kwenye hitima. Sisi watoto tulielewa kwa namna yetu: Bi Hadija ameguswa na filamu mpaka ameamua kumsomea hitima yule mzungu. Madrasa ikawaka moto kwa ubishi. Wengine walisema haiwezekani kumsomea hitima mtu wa kwenye video. Mimi nilisimama imara kwamba marehemu alitoa shahada na amezikwa ameelekea kibla, tumesikia wote. Tukapeleka kesi kwa mwalimu. Alitutazama, akafuta miwani yake, akasema tule pilau.

Nilikua, nikasoma, nikahamia Kibaha, na mapenzi ya filamu zile hayakuniacha. Jioni nikimaliza kazi huwa nazisaka kwenye kompyuta: za Wajapani, za Wapolandi, za Wafini, za watu wanaojenga nyumba upya na kuoana kwenye magofu. Wenzangu hawazijui, nami sina wa kuzungumza naye juu yake. Hivi karibuni niliweka moja ya Kihungaria, na mwanajeshi akashuka kwenye treni. Nilimjua kabla hajanyanyua begi. Safari hii kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Mwanamke mzee akauliza kama treni imeleta makaa ya mawe. Mwanajeshi akasema hajui, akapita. Basi. Hakuna mwana, hakuna bonde, hakuna ndizi.

Nililia, mtu mzima mimi. Kwamba Bi Hadija alimsomea mwanawe, si mzungu, sikuwa na shaka tena. Hilo nilishalielewa nikiwa mkubwa. Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba filamu haikumsaidia Baba hata kwa neno moja. Nilidhani ilimpa mwanzo, kwamba kweli mama yule aliuliza habari za mwana, naye akaendeleza. Kumbe swali lile alilibeba mwenyewe. Siku ile ndipo alipopata mdomo wa mtu mwingine wa kulijibu.

Nikampigia Baba simu Mzenga. Siku hizi masikio yake ni mazito, lakini niliposema nimeipata filamu ile, alisikia.

"Aliuliza nini hasa yule mama?"

"Aliuliza makaa ya mawe, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Na yule kijana alimjibuje?"

"Hakumjibu kitu. Alipita."

"Ndiyo," alisema. "Hata mimi nilikuwa napita."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Sasa baada ya hapo inakuwaje? Siku ile sikuona kitu, mwanangu. Niambie."

Nikairudisha filamu mwanzo, nikaanza kumtafsiria.