Bakuli la Kioo kwa Wifi Anifa

Ukitaka kumharibia Zabibu siku, mwoneshe kopo la siagi lililokwisha siagi. Nyumbani kwake hapo Singida mjini hulikuti, hata la kuwekea chumvi. Maharage yaliyochemshwa, nyanya zilizosagwa, mboga iliyobaki jana, vyote vimo kwenye vyombo vya kioo, na ukifungua friji yake unaona kila kilichomo bila kufunua mfuniko. Majirani wanasema anajidai. Wamejisahaulisha kwamba wao wenyewe ndio waliomfikisha huko.

Aliletwa mjini kutoka Ilongero akiwa mke mpya wa Othmani, mwenye aibu kiasi cha kuongea na kanga yake. Idi yake ya kwanza ukweni alikwenda na kuku wa kienyeji aliyempika kwa karanga. Kwao kopo zuri lenye mfuniko halitupwi. Huoshwa, huanikwa juani, na mgeni wa heshima ndiye hufungiwa chakula humo. Zabibu akachagua kopo zuri kuliko yote ya mama yake, akalibeba kwa mikono miwili. Anifa, dada wa mumewe, alilipokea kwa vidole viwili, akalinyanyua mbele ya wanawake wote waliokuwa ukumbini.

“Jamani, bibi harusi ametuletea kopo!”

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Kuku wala hakuguswa. Jua halijazama Zabibu keshakuwa Mama Kopo, na hata mimba hana. Alipomzaa Abdulrazaki alingoja waanze kumwita Mama Razaki, kama anavyoitwa kwa mtoto wake mwanamke yeyote aliyezaa. Wapi! Severina, muuza vitunguu wa pale sokoni, alimwita Mama Kopo mbele ya wateja. Fundi bomba alimwita Mama Kopo. Mwalimu wa mtoto, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia, “Shikamoo, Mama Kopo,” na Zabibu akaitikia marahaba.

Basi akaweka kinyongo, na kinyongo chake alikitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza dhahabu. Alitaka kitu kimoja: Anifa anyanyuliwe kopo lake mbele ya wanawake walewale, jina lile limhamie yeye, na Zabibu aitwe Mama Razaki. Hakutaka radhi. Radhi angeifanyia nini?

Njia aliipata kwenye ovena. Anifa ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye ukoo kumiliki ovena, lijiko kubwa la umeme, na maneno yake yote yalipitia humo. Nimeoka hiki, nimeoka kile. Siku moja Zabibu alikwenda kumsaidia kazi za hitima, akafungua ovena atoe sinia, akakuta imejaa masufuria, na buibui amejenga kwenye nyaya. Akafunga taratibu. Wifi mtu alikuwa anapikia mkaa uani na kusema ameoka! Wengine wangecheka siku ileile. Zabibu akarudi kwake, akaanza kuwaza.

Ramadhani ilipofika akaenda dukani kwa Jayshree, mama wa Kihindi anayeuza vyombo. Huko ni mteja wa kudumu, kwa kuwa anaoka keki na mikate ya kuuza. Alijua kuchagua. Alipitisha kidole ukingoni kutafuta penye ufa, akaliinua kila bakuli kwenye mwanga kuona mapovu, akavuta mpira wa mfuniko kuona kama unarudi, akanusa. Ya plastiki hakuyatazama, maana manjano huyagandia na harufu ya samaki haitoki.

“Hii nzito ya ovena,” Jayshree alisema. “Mfuniko toa kwanza, ni plastiki. Ile nyepesi ni ya friji tu. Na usitoe kwenye baridi ukapeleka kwenye moto palepale.”

“Na mkaa?”

“Mkaa hapana! Hata hii nzito. Itapasuka, mama, itakuumiza.”

“Hapana kabisa?”

“Kabisa.”

“Nipe hiyo nzito,” Zabibu alisema. “Ya kumpelekea wifi yangu chakula.”

Alioka viazi na nyama ya kusaga, juu mayai yamekauka rangi nzuri, akampelekea Anifa bakuli likiwa limefungwa kwa kitambaa cheupe. Kwa watu hawa chombo cha mwenzio hurudishwa na kitu ndani, na kwa kuwa Idi ilikaribia, lilikuwa la kurudishwa siku hiyo, nyumbani kwa mama mkwe, Bi Johari, mbele ya kila mtu. Na asubuhi ya Idi, vyombo vya mtu vikiwa vimejaa vyakula, bakuli likipasuka hubaki makopo. Anifa aligeuza bakuli akatazama chini.

“Linaingia motoni hili?”

“Si limeandikwa hapo, wifi? La ovena. Na ovena yako ndiyo kubwa kuliko zetu zote.”

Anifa akaliweka bakuli mezani. Angeuliza habari ya mkaa, angekuwa amekiri ovena imekufa. Zabibu alisimama pale akimpa nafasi ya kuuliza, maana onyo la Jayshree lilikuwa ulimini mwake. Anifa hakuuliza. Zabibu akalimeza onyo lile, akaaga, na njiani akajikuta anaimba.

Asubuhi ya Idi wanawake walijaa ukumbini kwa Bi Johari, walewale, wamenenepa kidogo. Kila mmoja aliingia na chombo. Anifa aliingia wa mwisho, bila maneno yake ya kawaida. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Wa kushoto ulishika kopo la siagi lenye tambi.

“Wifi, bakuli lako limepasuka,” alisema kwa sauti ndogo. “Nilikuwa napasha. Vyombo vyangu vingine vyote vilikuwa na vyakula.”

Zabibu aliiona bandeji. Tuseme kweli, aliiona vizuri sana, na damu iliyopenya kwenye kidole gumba aliiona. Miaka yote ile alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiyo. Moyo ulisita. Kisha akakumbuka kuku wake aliyebaki mezani hadi akaingiwa na nzi, na huruma ikatoka alipotaka kuiingiza. Akalipokea kopo kwa vidole viwili, akalinyanyua.

“Jamani, wifi ametuletea kopo!”

Kicheko kilichopasuka humo hakijapata kusikika. Anifa alitazama sakafu. Bi Johari peke yake hakucheka; alichukua sahani, akapakua tambi za bintiye, akala. Zabibu hakujali. Alikula Idi ile kwa hamu ambayo hajawahi kuwa nayo, na usiku alilala usingizi mzito.

Siku iliyofuata alikwenda sokoni amevaa gauni jipya, anunue bakuli jingine badala ya lile. Alipopita kwenye vitunguu Severina akapaza sauti.

“Mama Kopo!”

Zabibu akatabasamu, akageuka kumtafuta Anifa. Hakumwona.

“Nakuita wewe,” Severina alisema, akipungia kitunguu. “Habari za jana tumezipata, tumecheka hatuna mbavu! Wifi yako sasa tunamwita Mama Kopo Mdogo. Wewe ndiye Mkubwa.”