Babu Aliuliza Ng'ombe Wangapi

Betri kuukuu za redio zikianikwa juani hutoa harufu ya kutu na lami iliyopata moto. Juzi nimeikuta dukani kwa jirani, nikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nilitumwa chumvi. Nikarudi bila chumvi, nikiwa nimerudia umri wa miaka saba.

Kwetu Olmotonyi, betri zilianikwa asubuhi ili mchana redio ya baba ipate nguvu ya taarifa ya habari. Siku hiyo ilipata nguvu kweli. Ikasema adui amevuka mpaka ghafla kule Kagera, ameteka ardhi yetu, na taifa linajiandaa kumpiga. Watu wazima uani wakaisogelea redio. Babu akavuta ugoro wake, akauliza, "Wamechukua ng'ombe wangapi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kaka Lazaro, mgambo wa kijiji, alicheka mpaka akashika ukuta. "Babu, hii ni vita ya serikali! Ina mabomu na ndege!"

"Nimesikia. Ng'ombe wangapi?"

Mimi sikuelewa lolote, msinicheke. Lakini kati ya redio na Babu, mwenye ng'ombe alikuwa Babu, kwa hiyo nikamwamini yeye. Nikajua adui anamtaka Nanyokie, ndama wangu mwekundu. Taifa likipanga vita yake, nami nikapanga yangu.

Baada ya siku chache likaja lori, na watu nisiowajua wakapita boma kwa boma wakiomba mifugo. Kumbe walikuwa wanakusanya kitoweo cha wanajeshi. Mimi nikasema, ndio hawa! Nikamvuta Nanyokie hadi migombani, nikamfunika majani makavu, nikamlalia shingoni. Yeyo, mama yangu, aliniita mpaka sauti ikamkauka. Sikuitika. Wakapewa beberu.

Nilipotoka nikachanganyikiwa zaidi. Kaka Lazaro alikuwa juu ya lori la adui, tena anaimba na mgambo wenzake! Babu alikuwa amemtemea mate kifuani kumbariki, na shati bado lina unyevu. Lazaro akaona majani kichwani mwangu, akajua. "We jenerali wa migombani," akapaza sauti, "mlinde ndama wako vizuri!"

Nanyokie alikuwa salama, basi nikampungia kaka mikono yote miwili, nikirukaruka.

Barua yake ilikuja moja. Baba akaisoma uani: "Mwambieni Babu huku mazizi ni matupu. Ng'ombe walichukuliwa kweli, hata wa kuhesabu hakubaki."

Nikashangilia, Babu ameshinda! Nikageuka kumtazama mshindi. Alikuwa amefunga kopo la ugoro, macho yakiwa kwenye njia ile ya lori. Hakuuliza tena wangapi.

Barua ya pili haikuja, wala Lazaro hakurudi. Nanyokie alizaa, akazeeka, akafa kwa uzee zizini kama malkia. Mimi nimebaki mtu wa nyumbani. Hata kwenda Makumira, hapo karibu tu, kwenye harusi lazima nibembelezwe, na wanangu wananitania kwamba nimeota mizizi. Waache. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile lori lilikuja kuchukua vitu viwili bomani kwetu, nami nikaficha kimoja.

Na majani ya migomba yalikuwa mengi. Yangetosha kumfunika hata Lazaro.