Buibui Ashuka Mtamboni

Kazini wanamwita Buibui. Miaka kumi na miwili amening'inia kwa kamba kwenye mapanga ya mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, akiyagonga kwa nyundo ya mpira na kusikiliza kama ndani kuna mahali gundi imeachia. Mimi namwita Baba Watoto, na akiniudhi namwita wewe mtu.

Mwaka jana kamba yake ilikwama upepo ukivuma, akayumba huko juu saa nzima kabla wenzake hawajamshusha. Nyumbani akasema ni mambo madogo tu. Wiki hiyohiyo taa ya jikoni ikaungua, na bwana aliyezoea kupanda mita themanini akanishikia kigoda nipande mimi! Nikajua ameingiwa na hofu, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kila alipotoka asubuhi niliikumbuka methali hiyo.

Kisha kampuni ikaleta droni ya kupiga picha, na roboti ya kutambaa juu ya panga ikiligonga. Mafundi wakanuna, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mume wangu. "Wanatunyang'anya kazi!" Nyumbani sasa, ananong'ona, "Hivi hiyo roboti upepo hauisumbui kabisa?" Mnafiki mkubwa.

Siku ya majaribio walimkalisha garini na vipokea sauti masikioni, asikilize roboti ikigonga. Droni ikapiga picha, roboti ikagonga, kompyuta ikaandika: panga ni zima. Mkuu wa zamu alitaka mtambo uwashwe, Baba Watoto akainua mkono.

"Irudishe nyuma kidogo. Gonga tena. Hapo pamepwaya."

Binti anayeiendesha roboti akacheka. "Mzee, mashine imesema ni zima."

"Mashine haijawahi kuning'inia kwenye panga bovu."

Wakatoboa tundu dogo, wakaingiza kamera. Gundi ya ndani ilikuwa imeachia, upana wa kiganja.

"Basi kuanzia kesho kazi yako ni kusikiliza, hapahapa garini," akasema mkuu wa zamu. "Kupanda tena hakuna. Au utazililia kamba zako?"

Wenzake wakasubiri mpiga kelele wao agome. Akajibu "Sawa" upesi mno, hata mkuu mwenyewe akaangua kicheko.

Yote hayo alinisimulia akiwa amesimama mlangoni, viatu miguuni. Kisha akaketi, akayakodolea macho magoti yake.

"Mama Watoto, kuna jambo sijawahi kukwambia."

"Kwamba unaogopa kupanda?"

Akashtuka. "Ulijua?"

"Mwaka mzima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungepanda juu zaidi ili unionyeshe si kweli."

Ananijua, nami namjua. Machozi yakamtoka, yangu yakafuata, tukalia pale kwenye kochi mchana kweupe, na jamani, sijawahi kulia kwa raha namna ile.