Albamu Isiyo na Bwana Harusi

Mimi ni mpiga picha za harusi, lakini upande wa wanawake peke yake. Kwetu Likoni, bibi harusi akipambwa, ukumbi huwa wa wanawake watupu. Mabuibui huvuliwa mlangoni, simu hutiwa kapuni, na mwanamume haingii hata kama ni fundi wa umeme na taa zimezimika. Mimi naingia na kamera kwa sababu nimeapa kwamba picha zile hazitaonwa na mwanamume yeyote. Mume wangu ashazoea. Nikifungua albamu sebuleni, yeye huugeukia ukuta na kuendelea na chai yake.

Basi siku moja akaja mama mmoja kutoka Changamwe, asili yao bara, mama wa kanisa na sauti yake. Bintiye alikuwa akifanya kazi hoteli moja Shanzu, na alikuwa amealikwa kwenye kupambwa kwa mwenzake wa kazini. Akarudi nyumbani kapagawa. Kabla ya harusi ya kanisani, naye ataka siku yake ya wanawake, na hina, na dhahabu, na mpiga picha awe yule yule aliyemwona huko, yaani mimi. Mama mtu akaja kuikagua kazi yangu.

Nikamwekea chai na mahamri, nikampa albamu. Akafunua kurasa za mwanzo akitabasamu. Katikati akaacha kutafuna. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akaifunga. "Nitakupigia," akasema, akaondoka na kuacha hamri limeumwa upande mmoja. Nikadhani tumbo.

Jioni binti akaniletea kwenye simu ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka katika grupu la akina mama wa kanisa. Ilikuwa sauti ya mamake: "Akina mama, tuwe macho. Kuna dada huko Likoni anapiga picha za ndoa za wanawake kwa wanawake. Nimeona kwa macho yangu. Albamu nzima hakuna mwanamume hata mmoja! Wamekaa wawili wawili, wameshikana mikono, wote wana dhahabu, hata hujui bibi ni nani."

Lahaula! Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mimi? Katika jambo hilo dini yangu na yake hazipishani hata unywele, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasema watu wa mambo hayo kila redio ikiwataja. Nikampigia.

"Mama, umenichafulia jina!"

"Nionyeshe bwana harusi mmoja tu. Mmoja."

"Bwana harusi yuko msikitini!"

"Anafanya nini msikitini na bibi yuko hapa?"

"Anaoa!"

"Anaoa nani, kama bibi yuko hapa na yule mwingine?"

Nieleze vipi kwa hasira ile kwamba kwetu nikahi yafungwa na wanaume huko waliko, na bibi yuko kwao apakwa hina? Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Mwisho akasema, "Hii mimi siezi kuamua. Mpe mchungaji wetu hiyo albamu aiangalie, akisema ni sawa, ni sawa."

"Mchungaji ni mwanamume. Haoni."

"Kwa hivyo unaficha kitu."

"Naficha nywele za watu!"

Akakata simu. Ndipo nilipoelewa nimenaswa. Kitu pekee cha kunitoa aibuni kilikuwa albamu ile, na albamu ile siwezi kuitoa ila nivunje kiapo na nisipate kazi tena Likoni nzima.

Habari ikavuka feri upesi kunishinda mimi mwenyewe. Kesho yake wateja wawili wakaniambia wameahirisha, mambo ya familia. Muuza samaki wangu wa miaka yote akanifungia changu wawili kwenye gazeti bila kunitania, na yule hata msibani hutania. Nikaapa mbele ya muuza samaki. Nikaapa mbele ya jirani, mbele ya fundi wangu wa nguo, mbele ya mke wa imamu ambaye wala hakuwa ameniuliza. Mamangu akasema, "Mwanangu, waapa sana. Watu wataanza kushuku."

Siku ya tatu mlango ukabishwa, naye ni mke wa mchungaji. Binti ndiye aliyemwendea na kumlilia, kwamba kama mchungaji haruhusiwi, basi yeye. Aliketi, akavaa miwani, akafunua albamu kama anayesahihisha mtihani. Mamangu akakaa ubavuni pake, maana hakuna uso wa Likoni asioujua.

"Huyu aliyemshika mkono bibi ni nani?"

"Huyo ni shangazi yake."

"Na huyu wa dhahabu nyingi?"

"Shangazi mwingine. Huyo dhahabu si yake, ameazima."

"Na huyu anayembusu?"

"Huyo ni somo yake, ndiye aliyemfunda. Yuwalia, hambusu."

Walimaliza albamu mbili na sahani ya mahamri. Mke wa mchungaji akavua miwani, akatoa simu, akaisogeza mdomoni: "Akina mama, Bwana asifiwe. Nimethibitisha. Ni mashangazi."

Nilicheka hadi nikaketi chini. Kufikia magharibi wateja wangu wote wawili walikuwa wamerudi, mambo ya familia yamekwisha.

Kesho yake yule mama wa Changamwe akaja na bintiye, kanunua sukari na majani ya chai, uso chini. "Nisamehe, dada. Nilidhani wewe ni wa yale mambo. Kumbe sivyo. Nimekukosea sana."

Nikasema nimesamehe, na wallahi nilikuwa nimesamehe. Lakini ulimi wangu haujawahi kuomba ruhusa. "Na ningekuwa wa yale mambo, mama, ungekuja kuniomba radhi?"

Sikusema kwa ujeuri. Nilitaka kujua. Siku tatu niliogopa kutoka kwenda dukani, nikamwapia kila niliyekutana naye kwamba mimi si wao, na watu wakaniamini kwa sababu kweli si wao. Hata mara moja sikuwa nimejiuliza aliye mmoja wao humwapia nani.

Binti akamtazama mamake, akangoja. Mama akachukua kikombe kilichokuwa mbele yake, akakipeleka mdomoni, akakiinamisha. Chai nilikuwa sijaimimina bado.