Mgeni Niliyemkaribisha kwa Dada

Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki huniuliza hayo kwanza. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini mimi nilikuwepo, na niamini, hakuna ambaye angefurahi kuliko mimi kama jambo hili lingekuwa uongo.

Tena ondoa kichwani habari za usiku wa manane na bundi. Ulikuwa mchana, mwezi wa Agosti, Texas, jua lile ambalo usukani wa gari haushikiki bila kitambaa. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi. Ukumbuke hilo la mvua.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, Korogwe. Sikufukuzwa, ila miguu ilikuwa haitulii. Kinyozi wetu alibandika ukutani kalenda kuukuu yenye picha za ngome na majumba ya mashambani Uingereza, na mimi nilikuwa nakwenda kunyoa hata nikiwa sina nywele, niyatazame tu. Nani analala kwenye mnara? Nani anafagia ngazi zote zile? Uingereza sijafika mpaka leo. Bahati nasibu ya viza ndiyo iliyonileta Amerika, nikaishia kuendesha lori la kubeba magari kati ya Dallas na Houston. Dallas nilipanga chumba. Houston nililala kwenye kochi la dada yangu Rehema, nesi, pale Missouri City.

Sasa, katikati ya safari hiyo, ukichepuka kutoka barabara kuu uingie mashambani, kuna jumba la tajiri mmoja wa mafuta wa zamani. Alikwenda Uingereza, akaona majumba ya mabwana wa kule, akarudi na wazimu. Alinunua jumba bovu hukohuko, akalibomoa, akaleta kwa meli mawe, mbao za kuta, ngazi, hata vigae, akalijenga upya katikati ya ng'ombe wa Texas. Siku hizi watalii hulipa kiingilio kulitazama. Unadhani mtu wa kalenda kama mimi ningepita tu? Niliegesha lori kwenye kituo cha mafuta, nikaenda kwa miguu.

Mwongoza wageni alikuwa mama mmoja mcheshi anaitwa Darlene. Alitutembeza ukumbini, maktaba, chumba cha silaha, akituonya tusikalie kiti chochote. Wenzangu walikuwa wakipiga picha dari. Mimi nikaona mlango mdogo chini ya ngazi, uko wazi kidogo. Mdadisi hafundishwi. Nikauingia.

Kulikuwa na ujia wa mawe, baridi nzuri, halafu jiko kubwa la kizamani. Bibi wa kizungu, mzee, gauni jeusi, alikuwa amekaa karibu na meko akifuta vijiko kwa kitambaa. Nikajua ni wale wanaovalishwa nguo za kale ili kuwafurahisha watalii. Nilitamani kumpa shikamoo, lakini Kiingereza hakina kitu hicho, basi nikainama kidogo na kumwamkia kwa mikono miwili.

"Umeinama," akasema. Kiingereza chake hakikuwa cha Texas. "Kwa nini?"

"Kwetu mtu hasimami wima mbele ya bibi yake."

Akacheka, akanivutia kiti. Nikamwambia Darlene amekataza. "Darlene hapiki humu," akasema. Nikakaa. Lo, nilikuwa nimechoka!

Tuliongea. Aliniuliza kwetu kunalimwa nini, nikamweleza mkonge. Nikamuuliza nani hufagia zile ngazi, akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema yeye. Akasema alikuja pamoja na jumba, kama vigae, na aliahidiwa kurudishwa kwao kazi ikiisha. Mimi nikadhani anaigiza, nikamsifu kimoyomoyo. Kitu kimoja tu hakikunikaa sawa. Mtoto wa Tanga akikutana na mgeni hutazama miguu, unajua mwenyewe kwa nini. Nikachungulia. Miguu ilikuwa ya mtu, si kwato, ndani ya viatu vyeusi vya kamba. Ila vilikuwa vimelowa chapachapa, na majani mabichi yamegandia kwenye soli. Nikajiambia labda amemwagilia bustani.

Nikasikia Darlene akiita wageni. Nikasimama, na ndipo nikasema lile neno. Wewe pia ungelisema. Sisi tunalisema kwa fundi, kwa mtu wa benki, kwa abiria tuliyekaa naye saa moja:

"Haya bibi, na wewe karibu kwetu."

Kitambaa kikasimama juu ya kijiko. "Unanialika nyumbani kwako?"

"Kwa dada yangu. Ni kwetu vilevile."

"Lini?"

Hapo nilipaswa kushtuka. Kwetu hakuna anayeuliza lini. Lakini mdomo wangu ukishafunguka haufungiki. "Jumapili yoyote! Tunapika pilau. Missouri City, nyumba yenye mchicha mbele, huwezi kuikosa." Na kweli, dada alipanda mchicha pale wenzake wote walipopanda maua, chama cha wakazi kikawa kinamlalamikia kila mwezi.

"Nyumba yenye mchicha," akarudia polepole, kama anakariri sala. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nipite mlango gani?"

Nikacheka. "Wa mbele, bibi! Dada yangu hana mlango wa watumishi."

Yeye hakucheka. Alikaa na kijiko mkononi akinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Tangu nije nchi hii," akasema, "hajanialika mtu ila wewe."

Niliondoka najiona mtu mwema sana. Kufika Houston nilikuwa nimeshamsahau.

Sasa uijue nyumba ya dada. Shemeji yangu Salimu, mtu wa kompyuta, mstaarabu, alikuwa amechoka na wageni wangu. Nilishamleta Mkongo mmoja aliyelala hapo mpaka akaanza kupokea barua zake. Nilishamleta Mkenya aliyeogesha mbwa kwenye bafu lao. Jumapili ile shemeji alikuwa amewaalika wakubwa wake wa ofisini, na asubuhi Rehema alinibana jikoni nikimenya vitunguu.

"Wewe mdogo wangu, mdomo wako una karibu nyingi kuliko nyumba yangu ina viti. Leo naomba, usituaibishe."

"Dada, sijamwita mtu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Shemeji akapita mlangoni. "Akitokea mmoja wako leo," akasema bila kupandisha sauti, "mtaondoka wote wawili." Nilijua hatanii. Na kochi lile, kwa kipindi kile, ndilo lililokuwa kwetu.

Pilau ilikuwa imeshapakuliwa, watu wanasifu kachumbari, mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu. Zuhura, binti wa dada, akaenda kufungua, akarudi na kuniambia kwa Kiingereza kama watoto wa huku wote: "Anko, kuna bibi wa kizungu. Anakuulizia wewe."

Shemeji alifika mlangoni kabla yangu. Nikasimama nyuma ya bega lake.

Alikuwa yeye. Gauni lilelile jeusi, lakini safari hii amevaa kofia yenye pini na glavu nyeupe, zimepigwa pasi. Alijipamba, unaelewa? Alijipamba kuja kwetu. Hapakuwa na gari barabarani wala mtu wa kumleta. Nikatazama chini. Viatu vilikuwa vinatiririka maji juu ya zege lililokauka, na jua lile.

"Nimealikwa," akamwambia shemeji.

Shemeji akageuka. Nyuma yetu wageni walikuwa wamegeuza shingo. "Unamjua huyu?"

Ningeweza kukuambia kwamba niliogopa vile viatu, na ungenisamehe. Si kweli. Hofu ya viatu ilikuja baadaye. Pale mlangoni niliogopa kochi. Niliogopa uso wa shemeji mbele ya mabosi wake.

"Simjui," nikasema. Na kwa kuwa mwongo hatosheki na neno moja, nikaongeza kwa Kiingereza, ili naye asikie vizuri: "Atakuwa amekosea nyumba."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtumishi aliyeambiwa ameleta kikombe kisicho chenyewe. Akautazama mchicha. Akanitazama mimi.

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Nilipaswa kupita nyuma."

Akageuka, na shemeji akafunga mlango.

Je, mambo yangeishia hapo, ningeweza kuishi nayo? Labda. Lakini Rehema alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Nani alikuwa anagonga?"

"Bibi mmoja amepotea," shemeji akasema.

"Bibi mzee? Na jua hili? Mmemwacha aende bila hata maji?" Akatutazama sisi sote, mmoja mmoja. "Nyie wanaume mna akili? Zuhura, toa kiti! Kamwiteni arudi!"

Umesikia? Dada, mwenye nyumba niliyeogopa kumwaibisha, ndiye aliyekuwa anatoa kiti.

Nikatoka mbio. Mtaa ule umenyooka, unaona mpaka kwenye taa za barabarani, hauna hata mti wa kujificha. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na nyayo za maji tu, zinatoka mlangoni, zinapita kando ya mchicha, zinafika katikati ya njia ya gari. Hapo zilikoma. Unyayo wa mwisho ulikuwa umekamilika, kisigino na soli. Baada yake, zege kavu. Nikasimama pale mpaka Zuhura akaja kunishika mkono.

Safari yangu iliyofuata nilichepuka tena kule mashambani, kuomba radhi. Bado nilikuwa nataka awe mtu, tafadhali, awe mwigizaji tu. Nikamwambia Darlene namtaka bibi wa jikoni.

"Jikoni hakuna mtu, mpenzi," akasema. "Jiko tumelifunga kwa miaka. Sakafu ilianguka."

Nikamwambia siku ile nilikaa humo. Alinitazama, akachukua ufunguo, akanifungulia ule mlango mdogo chini ya ngazi. Ujia wa mawe ulikuwepo. Mwisho wake, pale lilipokuwa jiko, palikuwa shimo. Mbao zilizooza, maji meusi chini, majani mabichi yameota kuta zote. Na ndani ya yale maji, kimelala ubavu, kiti nilichokikalia. Nilikijua kwa mgongo wake.

Nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukuta, sioni haya kusema.

Darlene alinitoa nje, akanionyesha jiwe dogo la kaburi nyuma ya mlango wa watumishi. Edith. Mpishi na mtunza nyumba, aliletwa na jumba kutoka Uingereza, tajiri akafa kabla ya kumrudisha. "Sote tunaofanya kazi hapa tumezoea hatua zake," Darlene akasema. "Kila alasiri, ngazi hadi jikoni. Hatuogopi, ni kama saa ya ukutani." Kisha akashusha sauti. "Lakini tangu Jumapili moja hivi, kimya. Sijui kaenda wapi."

Mimi nilijua. Alitoka kwa sababu aliitwa. Na aliyemwita akasema hamjui. Sasa arudi wapi? Kule alishaaga, na huku mlango ulifungwa.

Shemeji hakunifukuza. Niliondoka mwenyewe, nikamweleza Rehema yote, na mpaka leo Jumapili akipakua pilau huweka sahani ya ziada karibu na mlango wa mbele, haulizwi na mtu. Mimi nimehama Stafford, nikahama Irving, Arlington, nikarudi Houston. Kila ninapoishi, hugongwa. Mara tatu, taratibu, mchana kweupe. Mwaka ule wa korona, wakati hakuna aliyekuwa akimkaribisha mwenzake hata barazani, aligonga mno. Zamani nilijifunika shuka. Siku hizi nakimbia, naangusha viti, nafungua mlango wote, napiga kelele: "Karibu, bibi! Karibu ndani!" Majirani wananiona mwendawazimu. Hakuna mtu nje. Kuna nyayo za maji kizingitini, na kila mara zimeelekea nje, mgongo kwangu. Ameshageuka.

Basi wewe unayesoma, neno hilo karibu ulichunge. Usiligawe kama salamu kwa kila unayekutana naye. Hujui nani amelisubiri kwa muda gani, wala atatembea kutoka wapi kuja kulishika.

Na kama siku moja ya jua kali mlango wako utagongwa, ukakuta bibi mwenye glavu nyeupe na viatu vilivyolowa, usimwogope. Mpitishe mlango wa mbele, mpe kiti, mpe maji. Akimuulizia kijana mmoja dereva, ndiye mimi, mwambie namjua. Mwambie nilisema namjua.