"Eeh" ya mudogo wangu mbele ya conseil de famille

Wakuu, jambo kwenu kutoka Bukavu, quartier ya Kasha. Hii niliona na macho yangu, siongezi chumvi. Kiswahili changu cha Kivu mutakizoea tu.

Mudogo wangu Byamungu ni mutu muzima, iko na ndevu zake. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Anaelewa, lakini pole pole, na maneno mengi kwa mara moja yanamuchanganya.

Sungura ndiyo maisha yake. Kila sungura iko na jina. Kuna mmoja anaitwa Maman Présidente, musiniulize sababu.

Mama alipokufa, conseil de famille, kikao cha jamaa yote, ikakaa kwetu. Tonton Gaspard, ndugu ya mama, alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji baada ya miaka mingi. Roho nzuri kabisa, lakini haraka!

Akasema yeye atakuwa tuteur: ataamua kila kitu kwa jina la Byamungu. Na atamupeleka Luberizi kwa shangazi, kule kwenye mashamba ya mupunga.

Nikamwambia, "Tonton, umuulize kwanza mwenyewe."

Akamugeukia. "Byamungu, unapenda kubakia hapa Kasha?"

"Eeh."

"Kwa hiyo haupendi kuenda Luberizi?"

"Eeh."

Tonton akafungua mikono. "Munaona? Anaitika eeh kwa yote! Huyu hawezi kujua anataka nini."

Haki ya Mungu! Kwetu ukiulizwa "haupendi?" na kweli haupendi, unajibu eeh, maana yake: ndiyo, ni vile umesema, sipendi. Kwa Kifaransa, kile Tonton alizoea kule Ubelgiji, ungejibu non. Mudogo wangu alijibu vizuri mara zote mbili, na majibu hayo hayo yalikuwa yanamufukuza kwake!

Mbele hata sijafungua kinywa, Byamungu mwenyewe akauliza, na sauti ya chini:

"Tonton, wewe haupendi kurudia Ulaya?"

"Eeh," Tonton akajibu bila kufikiri.

Halafu Maman Sifa, jirani yetu wa kuuzisha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, aliyekuwa amekaa na sisi, akapiga kicheko na sisi wote tukamufuata. Tonton alicheka pia, lakini macho yake yalijaa machozi. "Eeh, mutoto yangu. Sipendi. Nilichoka kukaa mbali."

Hadisi ya tuteur ikaishia pale. Tonton akamuuliza, sasa pole pole: "Unataka nani akusaidie kufikiri, kisha wewe uamue?"

Byamungu akaonyesha Maman Sifa. Halafu mimi. Wivu ulinishika, sifichi, mimi dada yake kuwa wa pili!

Kisha akasema, "Na Tonton. Lakini aulize neno moja moja."

Sasa ndivyo tunaishi. Tunamueleza, tunangojea, anaamua. Saa zingine anaamua kitu sipendi, na ninanyamaza.

Nilichojifunza: kumusaidia mutu kuamua inaomba subira, na kumusikia vile yeye anasema.

Nyinyi wenye ndugu kama wangu, munamuuliza namna gani? Muandike hapa chini. Nitamusomea Byamungu majibu yenu, neno moja moja.